Kishikio Chekundu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea fyekeo na spana kuliko kalamu, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea herufi mahali, msomaji anisaidie kwa kusoma kile nilichokusudia. Naandika polepole. Maneno haya machache ya mwanzo yamenichukua jioni nzima, na ningeacha kabisa kama si msiba. Mwezi uliopita nilikwenda Kilema kumzika Mzee Kalisti. Pale kihambani kwake, katikati ya migomba na kahawa ya ukoo, kabla jeneza halijashushwa, mjukuu wake alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma mahali alipobatizwa babu yake, watoto aliowazaa, miaka aliyofanya kazi ya ufundi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Kisha akasoma hivi: "Baadaye alifanya kazi ya bustani katika kituo cha wageni huko Uru, akaacha kazi kwa sababu zake binafsi." Akageuza karatasi, akaendelea na habari za ugonjwa. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi za msiba, na kisu kikanitoka mkononi kikaangukia ndani ya karai. Mwenzangu akaniuliza kama nimejikata. Nikasema hapana. Ningependa kumwambia kwamba sababu zile hazikuwa za marehemu. Zilikuwa zangu, na ndizo nitakazoziandika hapa, maana kuzisema kwa mdomo nimeshindwa kila mara.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu nitaziruka, hazina msaada hapa, isipokuwa mjue kwamba tulikuwa na ng'ombe mmoja bandani na kwamba mimi nilikuwa mtu wa aibu. Nikiitwa mbele ya watu ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Kituo kilikuwa na nyumba ndefu za mawe na uwanja wa majani ulioteremka kutoka kwenye baraza la kulia chakula mpaka karibu na mto. Tulikuwa watu sita wa kufyeka. Tulipofika chini, juu majani yalikuwa yameshaota, tukaanza tena. Halafu wafadhili wakaleta kontena, na ndani ya kontena, katikati ya vitanda na masanduku ya nguo, kulikuwa na kitrekta chekundu cha kukatia majani, cha kukalia, kizee, kiti chake kimepasuka na sponji imetokeza. Meneja wetu, Bwana Prosper, alikizunguka mara tatu akitabasamu. Wiki iliyofuata wafyekaji wanne waliambiwa waende nyumbani. Nilipouliza jikoni kwa nini mimi nimebaki, mpishi wetu, Mama Tekla, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ubao wa nyama: "Umebaki kwa sababu huna maneno. Bwana Prosper anapenda mtu asiye na maneno." Nilidhani ananisifu. Leo nikilikumbuka jibu lile nasikia uchungu mdomoni, kama nimetafuna ndizi mbichi, kwa sababu lilikuwa kweli, na ukweli wake ulikuja kumfikia mtu mwingine.

Mzee Kalisti aliletwa kwa ajili ya kitrekta. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele, na alivaa koti la suti siku zote, hata akiwa chini ya mashine. Alipewa chumba kidogo kilichopakana na stoo, na kati ya chumba na stoo ukuta haukufika juu, kwa hiyo harufu ya petroli na majani makavu iliingia mpaka kitandani kwake. Jumamosi asubuhi alikwenda kwao Kilema, akarudi Jumatatu. Mfyekaji mwenzangu aliyebaki alihamishiwa getini, hivyo stoo tukawa wawili. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba," kisha akanipa spana namba kumi na tatu na kuniuliza kama najua kufungua kwenda upande gani. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nilionyesha kwa kidole. Akasema, "Sawa, lala chini uangalie."

Kitrekta kile kiligoma mara nyingi mwaka ule, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja wenye sura nyingi: injini inanguruma, visu vinazunguka, lakini chenyewe hakitembei. Mzee Kalisti hakukimbilia kufungua. Aliketi juu ya debe, akaanza kuuliza maswali kwa mpangilio uleule kila mara, na alinifundisha kwamba mpangilio huo haurukwi. "Ni kama njia ya msalaba," alisema. "Huanzii kituo cha kumi na mbili." Kituo cha kwanza kilikuwa nyuma, karibu na ekseli, chuma chembamba chenye kishikio chekundu cha plastiki. Ukikivuta, giaboksi inaachia magurudumu, unaweza kuisukuma mashine kwa mkono. Ukikisahau kimevutwa, unaweza kukanyaga mpaka kesho, hakuna kitakachotokea. Cha pili breki: imerudi, au imeng'ang'ania? Cha tatu mkanda unaotoa nguvu kwenye injini kuipeleka nyuma, pamoja na puli ndogo na springi zinazoukaza. Cha nne magurudumu yenyewe. Siku moja nilijitahidi nikauliza, "Na giaboksi, mzee?" Akacheka kidogo. "Giaboksi ni kaburi, binti. Hulifukui mpaka uwe na hakika kwamba uliyemtafuta kote yumo humo."

Wakati wa mvua za masika kitrekta kilianza kuteleza kikipanda. Kilifika katikati ya mteremko, kikalia kama paka, kikasimama. Nilitazama kituo cha kwanza, nikatazama cha pili, nikamwita. Aliniambia nichomeke mkono nipapase mkanda ubavuni. Ulikuwa laini, unang'aa kama kiwiko cha koti lake. "Umekuwa kioo," alisema, "hauna meno ya kushika." Tulinunua mwingine mjini Moshi, ukazidi urefu kwa upana wa vidole viwili, tukarudi, tukapata unaofanana, na bado kikateleza. Alipochungulia akaona springi ya kukazia imelegea, imevutika mpaka imepoteza umbo. Alikata kipande cha mwisho, akakunja ncha mpya kwa koleo, nami nikaipachika kwa vidole vyangu vyembamba mahali ambapo vyake havikuingia. Kitrekta kilipanda mteremko wote bila kulia. Sikuwahi kushika kitu kikatii hivyo.

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa imetugandisha na ukungu haujaondoka mpaka saa tano, kikagoma tena. Safari hii alinituma nikiinue upande wa nyuma kwa magogo mawili ya mgrevilia, kisha akawasha na kuniambia nitaje ninachokiona. Nilisema ekseli inazunguka lakini gurudumu la kushoto limesimama, na la kulia linajivuta tu. Alifurahi kana kwamba nimejibu mtihani. Katikati ya gurudumu na ekseli hukaa kipande kidogo cha chuma cha pembe nne, mafundi hukiita kii, ndicho kinachovifunga vizunguke pamoja. Chetu kilikuwa kimedondoka kwenye majani. Tulikitafuta kwa magoti uwanja mzima. Mama Tekla alitoka jikoni kutuletea kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa, bakuli moja kwa ajili ya wawili, akasimama kunitazama nilivyochafuka.

"Felista, utaolewa na nani wewe unayenuka petroli?"

"Ataolewa na mwenye gari bovu," Mzee Kalisti akajibu mdomo umejaa. "Wako wengi kuliko wenye mazima."

Mama Tekla alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilicheka ndani, kama kawaida yangu. Kii hatukukiona. Mzee alichukua kipande cha nondo, akakibana kwenye jiwe kwa mguu, akakichonga kwa tupa mchana kutwa, anapima, anachonga, mpaka kikaingia kwa kugongwa taratibu. Kilikaa humo hadi mwisho. Baada ya siku hiyo alinikabidhi ufunguo wa pili wa kitrekta, ili Jumamosi na Jumapili nikate yeye asipokuwepo. Alinipa mbele ya mlango wa stoo na kusema neno moja tu: "Majani, si mzigo."

Sasa nieleze habari ya majani, maana mtu wa mahali pengine anaweza asione uzito wake. Kwetu mlimani ng'ombe hatembei. Amefungiwa bandani katikati ya migomba na kahawa, na chakula chake hufuatwa. Wanawake huteremka mpaka kule Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, wakapanda na mizigo ya majani na mabua kichwani, shingo zimezama mabegani. Kitrekta kilipofika walikisengenya. "Ng'ombe gani huyu wa mzungu," walisema, "anakula majani kutwa nzima, hatoi maziwa wala mbolea." Mzee Kalisti aliwasikia, naye akaomba ruhusa kwa Bwana Prosper kwamba majani yaliyokatwa yakusanywe chini mtoni na wanawake wa jirani wayachukue Jumamosi. Wakamwita Meku, kama tunavyowaita wazee tunaowapenda. Tatizo lilikuwa ule mteremko. Majani mabichi ni mazito, na kutoka mtoni hadi getini ni kupanda tu. Mama Tekla, ambaye naye alikuwa na ng'ombe, ndiye aliyeanza. "Felista, mashine ina nguvu zote hizo, nasi tunakufa shingo. Si kuna kitela kule nyuma ya banda la kuku? Kifunge kamba."

Nilijua. Hilo siwezi kulizunguka. Mzee Kalisti alikuwa amenieleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: mashine hii imeumbwa kubeba makalio ya mtu mmoja na visu vyake, ukiifunga mzigo ipande nao, mafuta ndani ya giaboksi yanachemka, na yakichemka yanakuwa mepesi kama maji, hayasukumi tena. Nilijua, na Jumamosi ile ya kwanza nilikifunga kitela. Nilipofika getini na mzigo wa wanawake wanane, walinipigia vigelegele. Mmoja alinishukuru kwa Kichaga, "Aika, Felista, aika!" akanishika mkono kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mkono mkunga. Sikuwa nimewahi kushangiliwa. Nilirudi chini nikaleta mzigo wa pili. Nikafanya hivyo Jumamosi zilizofuata, kila moja mzigo umeongezeka, na harufu kama ya maharage yaliyoungua ikawa inapanda kutoka chini ya kiti, nami najiambia ni jua.

Jumamosi ya mwisho kitrekta kilisimama katikati ya mteremko na mzigo nyuma. Injini inanguruma, hakiendi. Nilijua bila kuuliza maswali yoyote kwamba mafuta yamechemka na kwamba dawa yake ni kukiacha kipoe. Lakini Jumapili wafadhili walikuwa wanakuja, Bwana Prosper angeweza kupita wakati wowote, na kamba ilikuwa bado imefungwa. Mama Tekla akasema tukifiche upesi. Nikavuta kishikio chekundu, wanawake wakasukuma wakiimba kwa sauti ya chini, tukakirudisha stoo na kitela nyuma ya banda la kuku. Nilifunga mlango. Nikaenda nyumbani na mzigo wangu wa majani. Kishikio nilikisahau. Nimejichunguza miaka mingi nione kama kweli nilikisahau, na jibu ni ndiyo, lakini sina anayelazimika kuniamini.

Jumapili mchana, mimi nikiwa kanisani, Bwana Prosper aliwapeleka wafadhili kuona kitrekta chao. Akakikalia mwenyewe, na suti yake. Kikanguruma kisitembee. Nilisimuliwa kwamba mgeni mmoja alipiga picha. Meneja hakumsubiri Mzee Kalisti. Alipiga simu mjini, na Jumatatu alfajiri fundi alikuwa ameshafika na sanduku lake. Nilipoingia stoo nilimkuta amekilaza kitrekta ubavu, anafungua nati za giaboksi. Nilisimama mlangoni na ndoo. Kishikio chekundu kilikuwa pale, kimetokeza, mbele ya macho yangu na yake. Kulikuwa na nati nyingi, nyingine zimeshika kutu, na alikuwa anazipiga mafuta, anasubiri, anavuta sigara, anaendelea. Muda wote huo neno moja lingetosha. Sikuhitaji hata kusema nani, ningesema tu, "Fundi, hebu sukuma hicho." Bwana Prosper alikuwa amesimama nje anaongea na simu kwa Kiingereza. Nikainua ndoo nikaenda kumwagilia maua.

Mzee Kalisti alifika saa mbili. Alikuta meno ya giaboksi yametandazwa juu ya gunia, kama matumbo ya mbuzi. Alisimama, akavua kofia. Hakutazama gunia kwa muda mrefu. Alikwenda nyuma, akainama, akakitazama kishikio, akagusa chuma cha nyuma mahali ambapo kamba ilikuwa imekwangua rangi, akachovya kidole kwenye mafuta meusi na kukinusa. Kisha akanitazama. Nilikuwa uani, mbali kama hatua ishirini. Hakukunja uso. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa chini ya mashine, anasubiri nitaje ninachokiona.

Waliongea kwenye baraza la chakula, na mimi nilikuwa jikoni nyuma ya dirisha la kupakulia, nimeshika sufuria ya mtori iliyokuwa imeanza kupoa. Mama Tekla alikuwa kando yangu anamenya ndizi. Nilisikia kila neno.

"Mzee, umeniaibisha mbele ya wageni," Bwana Prosper alisema. "Fundi, mweleze."

"Mangi," fundi akaitikia kwa jina la heshima, "mafuta yameungua haya. Hii imefanyishwa kazi ya trekta ya shamba. Na alama za kamba ziko."

"Kabla hujafungua," Mzee Kalisti aliuliza, "ulisukuma kile kishikio chekundu cha nyuma?"

"Kishikio gani?"

"Basi. Kilikuwa kimevutwa. Ungekisukuma, ingetembea. Ingechechemea, lakini ingetembea."

Nilisikia fundi akikohoa. Bwana Prosper akaruka hilo kana kwamba halikusemwa. "Nataka kujua nani amekuwa akivuta mizigo na mashine ya kituo. Unafanya biashara ya majani?"

Kisu cha Mama Tekla kilisimama. Nilitua sufuria, na nadhani miguu yangu ilikuwa imeshaanza kugeukia mlangoni, ndipo aliponikamata mkono juu ya kifundo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. "Nyamaza," alininong'oneza. "Wewe una ng'ombe, na mimi nina ng'ombe." Sikumlaumu siku ile. Leo namlaumu, kisha najilaumu kwa kumlaumu, kwa sababu mkono wake haukuwa na nguvu nyingi hivyo. Ningeweza kujitoa.

"Mashine nilikabidhiwa mimi," Mzee Kalisti alisema mwishoni. "Ufunguo ulikuwa kwangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nimesema nilikabidhiwa mimi."

Aliambiwa aondoke siku hiyohiyo. Nilimkuta chumbani kwake, au tuseme yeye ndiye aliyeacha mlango wazi ili nimkute. Alikuwa na mfuko mmoja. Aliufunga, akaufungua kama amesahau kitu, akapanga upya shati lilelile, akaufunga tena, akaufungua. Mpaka leo sijaona mtu akimpa mwenzake muda kwa adabu kama ile. Nilisimama nikitazama sakafu. Alipoona hakuna kinachokuja, alichukua ile tupa aliyochongea kii, akaiweka dirishani upande wangu.

"Felista, mashine ikigoma kwenda, unaanzia wapi?"

"Kishikio chekundu, mzee."

"Haya," alisema. Akaondoka na koti lake.

Yule fundi hakuweza kuirudisha giaboksi. Alibakiwa na vyuma viwili mkononi asijue vinakaa wapi, akaahidi kurudi, hakurudi. Kitrekta kilifunikwa turubai, kuku wakataga ndani yake. Mimi nikafanywa msimamizi wa bustani, nikapewa chumba cha Mzee Kalisti na fyekeo jipya, na majani yakawa yanaota nyuma yangu kama mwanzo. Jikoni walianza kusema Meku aliuza mafuta ya mashine. Niliwasikia wanawake walewale waliosukuma pamoja nami wakilisema hilo, huku wakila, na yupo aliyeongeza kwamba watu wa Kilema ndivyo walivyo. Hakuna aliyenitazama. Nadhani baada ya miezi michache walikuwa wameshaamini.

Kabla ya Krismasi nilikata isale. Kwetu ukimkosea mtu, na kosa likawa kubwa kuliko maneno, unampelekea tawi la isale, lile la majani marefu tunalopanda mipakani. Mtu akipelekewa isale mkononi hakatai. Hata aliyeua ndugu ya mtu husamehewa kwa isale, ndivyo tulivyokuzwa. Na kwa mtu asiyeweza kusema ni msaada mkubwa, maana jani lenyewe linasema, wewe unanyoosha mkono tu. Nilishuka mpaka mjini, nikapanda tena upande wa Kilema, nikaulizia njia, tawi nimelifunika kwa kanga. Nilipofika kwenye kihamba chake nilisikia sauti nyuma ya ukuta wa jiko. Mkewe alikuwa analalamika.

"Kanisani wanasema uliiba mafuta. Watoto wanaulizwa. Wewe unajua ni nani, si umtaje?"

"Nimtaje kwa nini? Mwenyewe ana mdomo."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kifaa kilichopo kwenye sanduku. Mwenyewe ana mdomo. Ningeingia wakati ule ningekuwa nimeingia na jibu. Lakini nilijiona nimesimama mbele ya mkewe na watoto, wote wananitazama, nao sasa wanajua, na ulimi ukafungwa jiwe lake. Kando ya njia, penye mfongo, mfereji wetu wa maji, udongo ulikuwa laini. Nililichomeka tawi pale, nikashuka mlima karibu kwa kukimbia. Nilijiambia nitarudi wiki ijayo. Wiki ikawa mwaka. Niliacha kazi Uru, nikajifunza ufundi wa pampu za maji na mashine za kukoboa, na nimekula kwa maswali aliyonifundisha, kwa mpangilio wake, siku zote za maisha yangu. Wateja husema mimi ni fundi asiyefungua kitu bila sababu. Husema nina subira. Mimi naitikia tu.

Siku ya mazishi, asubuhi, vijana walikuwa wanasimika turubai karibu na njia ya kuingilia, na nguzo moja ilikosa nafasi kwa sababu ya kichaka cha isale kilichosimama kando ya mfongo, kirefu kuliko mtu, mashina yake yamenenepa. Mmoja akachukua panga. Mjane alikuwa ameketishwa barazani, amefunikwa kanga mbili, na hakuwa amesema neno tangu nifike. Akapaza sauti. "Hilo msiliguse! Baba yenu alikataza." Vijana wakasogeza nguzo. Mimi nilikuwa nimeinama kumpa pole, mkono wangu uko ndani ya wake, naye akaendelea kama anayejisemea. "Lilikutwa limechomekwa hapo, mwaka ule aliotoka Uru. Kila nikitaka kulikata anasema hapana, hili lina mwenyewe, siku moja atakuja kuling'oa aniletee mkononi. Akiumwa, alikuwa anauliza kama kuna mtu amekuja getini." Kisha akaniinulia macho. "Na wewe mwanangu, umetoka wapi?"

"Uru, mama. Tulifanya kazi na marehemu."

"Basi labda wewe unamjua alikuwa nani."

Mnaona wenyewe mahali hapo palivyokuwa. Hakukuwa na meneja, wala Mama Tekla wa kunishika mkono, wala kazi ya kupoteza. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nimeshikwa mkono na mjane wake, na isale liko hatua kumi na tano kutoka nilipoinama. Nilisema, "Simjui, mama." Akanishukuru kwa kuja. Nikaenda nyuma ya migomba kumenya ndizi, na huko ndiko nilikosikia wasifu.

Basi nimeandika. Namjua. Naitwa Felista, mimi ndiye niliyefunga kitela, niliyevuta kishikio na kunyamaza. Mzee Kalisti hakuuza mafuta wala hakufanya biashara ya majani, na kazi hakuiacha, aliondolewa. Yule mjukuu aliyesoma, kama daftari hili litamfikia, namwomba aufute ule mstari. Nanyi mlioishi na desturi zetu kuliko mimi, niandikieni mniambie: isale la marehemu hupelekwa kwa nani, na je, mjane akiletewa na mtu aliyemdanganya mbele ya jeneza, bado hakatai? Na kama wewe ni mmoja wa wanawake wanane wa Jumamosi zile, wewe pia niandikie, hata kama ni kunitukana. Mimi nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini barua nitaimaliza.